Nyuma ya Herufi Nyekundu

Watu wakiona ghorofa mpya mjini siku hizi hutazama vioo, wakahesabu madirisha, wakapiga picha. Mimi naangalia kitu kimoja tu: mlango wa paa. Nataka kujua kama uko na kufuli, na ufunguo uko kwa nani. Wajukuu wangu hunicheka, wanasema babu ana mambo. Wacha wacheke. Hawajawahi kufungiwa juu ya jengo huku mji mzima unatembea chini.

Jengo ninalosema lilikuwa la kampuni ya bima, katikati ya Nakuru, miaka ya hali ya hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni. Jina la kampuni sitalitaja. Siogopi mtu, ila nililisugua vya kutosha na sina hamu nalo tena. Hilo ndilo lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini. Leo ungelipita bila kugeuza shingo, lakini wakati ule wazee kutoka mashambani walisimama barabarani, kofia mkononi, wakiulizana walioko juu kabisa hujisaidia wapi. Na kwenye paa, upande wa barabara kuu, kampuni ilikuwa imesimamisha jina lake kwa herufi za mabati, nyekundu, kila moja ikinizidi kimo, zimeshikiliwa kwa nyuma na vyuma vilivyozamishwa kwenye saruji. Mzungu wa shamba akishuka kutoka Subukia au akitoka Njoro, azione angali mbali, ajue kuna mahali pa kulipia woga wake.

Kazi yangu ilikuwa kuziosha. Usicheke. Miaka ile ziwa lilikuwa limekauka, limebaki tope jeupe la magadi, na kila alasiri upepo ulitoka huko ukaumwagia mji vumbi jeupe kama unga. Nguo zilizoanikwa zilirudi ndani chafu kuliko zilivyotoka. Meneja hakutaka jina la kampuni lionekane limepakwa majivu, kwa hivyo kila asubuhi nilipanda na ndoo, kamba na matambara, nikaziosha moja moja, na jioni zilikuwa nyeupe tena. Kazi haikuwa na mwisho, na mimi sikutaka iwe na mwisho. Mkikuyu wakati ule hakuruhusiwa kukaa mjini bila mwajiri. Kazi ikiisha, unga ukimwagika, na wewe unamwagwa pamoja nao: lori, kambi, gari moshi, mpaka rizavu, ile ardhi Wakikuyu waliyotengewa, mahali ambapo wengine kama mimi tuliozaliwa huku bondeni hatukuwa na hata shina moja la mgomba.

Mambo ya kamba niliyajulia Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe, nikining'inia kwenye kuta za shimo kama popo. Halafu kontrakta akanileta mjini kujenga hilo jengo. Lilipokwisha, meneja akasema huyu asiyeogopa kuwa juu abaki. Nikabaki. Nililala humo humo, kwenye chumba cha mafagio chini ya ngazi, na kipande changu, ile karatasi ya ruhusa, kilikuwa cha jengo na soko, basi. Nikivuka reli, nakamatwa. Nikionekana njia ya Subukia, nakamatwa na kupigwa juu yake. Lakini kule kwenye paa niliona kila kitu: Menengai nyuma yangu, ziwa lililokufa mbele, na ile barabara ya Subukia ikipanda kwenye miti hadi inapotea. Macho yalikuwa na ruhusa ya kwenda popote. Nilichukia sana kuona mbali namna ile.

Maana ng'ambo ya ile miti, Kabazi, kwenye shamba la Mzungu mmoja, alikuwako mke wangu. Nilipomwacha alikuwa na mimba changa. Nilimwambia nitarudi mwisho wa mwezi, na nilimaanisha. Mara hali ikachafuka, barabara zikafungwa, na mtoto akazaliwa, wa kiume, mimi nikiwa nasugua mabati. Nilimwomba meneja ruhusa. Akasema kesho. Nikaomba tena, kesho. Nilipoona hiyo kesho yake haina jua, nikaacha kuomba.

Habari zote nilizipata kwa dereva wa lori la pareto. Alikuwa Mwislamu, mtoto wa mjini hapa hapa, babu yake alikuja kutoka pwani siku za kujenga reli, na kwa sababu hiyo askari hawakumgusa. Alikwenda Kabazi na kurudi kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni. Wenye pareto walikuwa na ofisi katika jengo letu, kwa hivyo alikuwa akiegesha lori uani na kunitafuta.

Siku moja alinikuta nikikamua matambara. Hakunitania kama kawaida yake.

"Ndugu yangu, nina maneno, na si mazuri. Lile shamba linahamishwa. Mzungu amesema hataki kumwona Mkikuyu hata mmoja. Alhamisi wanapakiwa kwenye malori."

"Wote?"

"Wote. Mke wako, mama mkwe, mtoto. Wataletwa kambi ya hapa stesheni, wangoje gari moshi la rizavu." Akajifuta uso. "Na nikwambie lingine. Mke wako haamini kama uko hai. Kule imesemwa ulichukuliwa, wengine wanasema ulizikwa. Nimemwapia wallahi nimekuona kwa macho yangu, ananijibu kwamba mimi nina moyo mzuri, namfariji."

Niliketi juu ya ndoo. Gari moshi likishawachukua, nani angejua tungeonana lini? Kulikuwa na watu walioachana hivyo na hawakuonana tena, na wengine walikutana watoto wakiwa na watoto. Nilimwambia dereva malori yakitoka Kabazi ni lazima yapite barabara kuu, chini yetu hapa, ndiyo yafike stesheni. Naye akasema ndiyo, ni lazima.

"Basi mwambie hivi. Atazame juu. Atafute jengo lenye maandishi makubwa mekundu."

"Hajui kusoma, bwana."

"Nani amesema asome? Mwambie kuna herufi iliyo kama lango la boma la ng'ombe, miti miwili imesimama na mmoja umelala katikati. Nitakuwa nimesimama juu ya huo uliolala. Amwinue mtoto, nimwone. Na yeye anione, ajue mimi si maiti."

Dereva akayarudia neno kwa neno, lango, mti uliolala, mtoto juu, kisha akaenda zake. Nilikaa nimefurahi hadi jioni. Nilikuwa nimelipata tundu moja dogo la kupitia, na lilinitosha.

Jumatano asubuhi meneja akapanda mwenyewe hadi kwenye paa, kitu ambacho hakuwa akifanya kwa sababu alikuwa anaogopa kuwa juu. Nyuma yake watu wanne walibeba turubai la kijani, kubwa la kufunika nyumba. Akaniambia zifunikwe herufi zote.

Ngoja nieleze, maana hata mimi sikuelewa. Jengo lilikuwa limeanza kutumika tangu mvua za masika. Watu walikuwa wakilipia bima zao mle ndani, panya walikuwa wameshahamia. Lakini kumbe, kwa desturi yao, lilikuwa halijafunguliwa. Mkubwa wa kampuni angetoka Nairobi Alhamisi, asimame chini kwenye jukwaa, ahutubie, avute kamba yenye utepe, turubai lianguke, na jina lionekane. Jina ambalo mji mzima umeliona kila siku! Linafunikwa ili lionyeshwe! Mila ni mila, na sisi tuna zetu za kushangaza, lakini hiyo ilinishinda.

"Bwana," nikamwambia, "upepo wa alasiri utalichana turubai. Afadhali tusifunike. Ama tufunike Alhamisi saa ile ile ya sherehe."

"Ndiyo sababu wewe nakaa huko," akasema kwa Kiswahili chao cha shambani. "Wewe nakaa nyuma, nashika turubai. Hapana taka ona kichwa yako. Kama mimi naona kichwa, wewe kwisha."

Nilifunga lile turubai kwa mikono yangu mwenyewe. Kila pete ya chuma ukingoni niliipitisha kamba, na zote zikakusanyika kwenye fundo moja ambalo lingefunguka kamba ya chini ikivutwa. Kisha nikashuka mbio kumtafuta dereva nimbadilishie maneno. Alikuwa ameshaondoka kwenda kuchukua pareto, na asingerudi hadi Ijumaa. Nilisimama uani nikitazama mahali ambapo lori lake huegeshwa. Pale chini palikuwa na doa la oili tu.

Alhamisi nilipandishwa mapema. Askari mmoja mnene akanipekua mpaka kwenye soksi, kisha akafunga mlango wa paa kwa kufuli kubwa na kutia ufunguo mfukoni mwake. Mkubwa atakuwa chini, Mkikuyu yuko juu na ndoo, eti ni usalama. Nikabaki katikati ya mabati na turubai, nafasi ya kutosha mtu kusimama ubavu ubavu. Jua lilipopanda, pakawa kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Rangi ya mabati ilinuka. Maji ya kunywa hawakuwa wameniachia, na yale ya kwenye ndoo yalikuwa ya sabuni. Katikati ya turubai, mbali na ukingo, kulikuwa na pete moja ambayo haikupitishwa kamba, na hapo ndipo nilipotia jicho langu, jicho moja, tangu asubuhi.

Niliomba malori yachelewe, yapite baada ya sherehe. Halafu niliogopa kwamba yameshapita nilipokuwa nikipekuliwa. Halafu nikaomba yasije kabisa. Mtu akifungiwa huomba kila kitu, hata vitu vinavyogombana.

Alasiri upepo ukaamka. Turubai likaanza kupiga kama bawa la kuku aliyeshikwa miguu, nami nikalishikilia kwa mikono miwili, jicho likiwa kwenye tundu. Chini viti vilikuwa vimejaa, kofia za akina memsahib wa Kizungu zimeshikiliwa kwa mikono. Mkubwa alikuwa mfupi, mwekundu. Akaanza hotuba yake. Na hapo, kutoka upande wa juu wa barabara, nikayasikia malori.

Askari wakayasimamisha kwenye kona ili yasimsumbue mkubwa kwa kelele. Yakazima injini. Yalikuwa yamejaa watu wamesimama, vichwa na mizigo, masufuria, kuku, magodoro, mzee mmoja ameshika mlango wa nyumba yake, mlango mzima, aliung'oa akaja nao. Nilitafuta uso baada ya uso, jasho likiniingia jichoni, nikaapiza. Ndipo nikamwona. Kwenye lori la pili, amesimama ukingoni, amekonda, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Mgongoni alikuwa na kitu kimefunikwa kwa shuka.

Alikuwa anatazama juu. Alikuwa ameyashika maneno yangu yote. Macho yake yalianza upande ule wa barabara, yakaja jengo kwa jengo, yakanifikia, yakapita. Yalinipita jamani! Aliona turubai la kijani, na nani alimwambia atafute kijani? Nilisema "Hapa, hapa," kwa sauti ndogo, kama mjinga. Macho yakaendelea mbele, kisha yakasimama.

Ng'ambo kidogo kulikuwa na duka la nguo la Mhindi, la ghorofa moja, na juu ya baraza lake ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu. Juu ya mabati ya paa hilo alikuwako fundi anayetengeneza mfereji wa maji ya mvua. Alikuwa ameacha kazi, amesimama akitazama sherehe. Mke wangu alimtazama. Kwa umbali ule mwanamume ni mwanamume. Akafungua shuka, akamtoa mtoto, akamwinua juu kwa mikono miwili, akamwelekezea yule.

Na yule fundi, mtu wa watu, akapunga mkono.

Ngai wangu! Mke wangu akacheka. Nilimwona akicheka na kulia, akimtikisa mtoto kule juu, na mama yake pembeni akimshika kiuno asianguke. Mtoto wangu wa kwanza anaonyeshwa mtu wa mifereji, na mimi baba yake nimesimama hatua chache tu, nimefunikwa kama mkate! Sikufikiria kipande, wala mkubwa, wala kesho. Ukiniuliza kama ulikuwa ni wivu, nitakwambia ndiyo, wivu ulikuwamo, na uchungu, na joto la tangu asubuhi. Nikashika fundo langu mwenyewe, nikalivuta.

Upepo ulikuwa unangoja hilo tu. Turubai lilitoka lote kwa mara moja, likajaa hewa, likaelea, kisha likashuka juu ya jukwaa na viti vya mbele pamoja na vumbi lote la magadi lililokuwa limekusanyika kwenye mikunjo yake. Hotuba ikakatika katikati. Wale wa chini yake walianza kutambaa kila mmoja upande wake. Mimi nilikuwa nimesharuka kwenye ule mti uliolala, katikati ya lango, nikamwita mke wangu kwa jina lake, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Aligeuka. Kwanza aliniona kama mtu anayeona kitu asichokiagiza. Akamtazama yule fundi, akanitazama mimi. Kisha akamgeuza mtoto, pole pole, akamwinua tena. Alikuwa na kichwa kikubwa kama cha baba yangu, na miguu minene, akiipiga piga hewani. Nilimwona. Nikapunga mikono yote miwili. Halafu malori yakawashwa, haraka haraka, yakaondolewa pale kuelekea stesheni, na yeye akiwa bado amemwinua.

Hawakunifikia mara moja, maana ufunguo wa kufuli ulikuwa kwa yule askari mnene, na yeye alikuwa chini ya turubai. Nilisimama pale juu kwa nafasi yangu nikitazama vumbi la malori. Walipofika, nilipigwa. Sina haja ya kueleza sana, kipigo ni kipigo. Ila kilichonichosha kuliko fimbo ni maswali. Nani alikulipa? Hiyo ilikuwa ishara ya kina nani? Walioko msituni walikuwa wakiangalia kutoka wapi? Niliwaambia ni mtoto. Nilitaka kumwona mtoto. Wakanipiga tena, kwa sababu jibu lilikuwa dogo mno kwa aibu waliyokuwa wamepata.

Siku ya pili meneja alikuja kituo cha polisi nilikofungiwa, bado ana vumbi kwenye nywele, akasema hanitaki, wanitupe na wenzangu. Kipande changu kikachukuliwa. Jioni hiyo nikasukumwa ndani ya waya wa kambi ya stesheni, jicho moja limefumba, na ndani yangu, nisidanganye, nilikuwa karibu kuimba. Gari moshi lilikuwa halijaja. Nilipita kati ya watu nikiuliza watu wa Kabazi wako wapi, nikaonyeshwa.

Alikuwa ameketi juu ya furushi, mtoto amelala mapajani. Mama mkwe aliniona kwanza, akajifunika mdomo. Nilidhani mke wangu atanirukia. Hakusimama hata. Alinitazama kutoka miguuni hadi kwenye lile jicho.

"Umekuja kufanya nini huku?"

"Wamenileta."

"Na kazi?"

"Imekwisha."

Kisha akasema, sauti ya chini, asimwamshe mtoto, "Jana nilimwambia mama, huyu yuko hai, tena yuko nje, ana kazi. Siku moja atatutafuta, atatutoa. Nimeingia kwenye waya huu nimefurahi. Sasa nani amebaki nje?"

"Ulimwinulia mtu mwingine," nikasema. "Ulikuwa unamwonyesha mtoto fundi wa mifereji! Ningenyamaza?"

"Kama ningeondoka nikidhani yule ndiye wewe, kungekuwa na ubaya gani? Ningejua uko hai, na ni kweli uko hai. Ningejua uko na kazi, na ungekuwa nayo."

Nilikuwa na maneno mengi, ya turubai, ya joto, ya tundu la pete, ya macho yake yalivyonipita. Nikaona hakuna hata moja linalofaa kuambiwa mtu aliyekalia furushi. Mtoto akaamka, akaniona, akaanza kulia kwa woga. Mke wangu alimnyanyua, akanitilia mikononi kabla sijajiandaa.

"Mshike," akasema. "Mimi nimemshika peke yangu tangu azaliwe."

Nikamshika.